Mafuta meusi ya majipu, ikthamoli 20%: yanafaa jipu gani, na gani hayaligusi

Ukifungua kopo, harufu inatangulia: lami iliyopigwa jua, na nyuma yake kiberiti kwa mbali. Rangi ni kahawia iliyokolea hadi kuwa nyeusi. Chota kwa kijiti, yanavutika kama asali nzito kisha yanakatika polepole. Jina lililochapwa juu ya kopo ni Ichthammol, lakini dukani huna haja ya kulitamka. Sema tu "nipe ile dawa nyeusi ya majipu" na utapewa bila swali la pili.

Hilo swali la pili ndilo linalokosekana. Mtaani jipu ni kila kitu kinachovimba, kinachopwita na kinachotarajiwa kutunga usaha. Hospitalini kitu hicho hicho kina majina zaidi ya kumi, na kila jina lina tiba yake. Kwa mengi kati ya hayo mafuta haya ni kazi bure. Kwa machache ni hatari, si kwa sababu yana sumu, bali kwa sababu mgonjwa anakaa nyumbani siku tano akisubiri "yavute".

Kwa mwenye haraka, alama zetu ni hizi: saba kwa kumi kwa furanko, yaani jipu dogo la shina la unywele, kwa mtu asiye na maradhi mengine. Kwa mengine yote hayafiki tatu. Maelezo yanafuata, na mengi yatahusu majina, kwa kuwa dawa hii huwezi kuipima bila kujua unampaka nani na wapi.

Kwanza kilichomo. Ikthamoli hutokana na mwamba wenye mafuta na salfa nyingi. Mwamba huchomwa bila hewa hadi utoe mafuta, mafuta hayo huchanganywa na asidi ya salfa, kisha ukali wa asidi huondolewa kwa amonia. Mwamba wa mwanzo ulichimbwa Seefeld, Tirol, nchini Austria, na ulijaa mabaki ya samaki wa kale. Ndiyo maana jina limebeba neno la Kigiriki la samaki. Daktari wa ngozi wa Hamburg, Paul Gerson Unna, ndiye aliyeieneza miaka ya 1880, kabla dunia haijajua antibiotiki. Katika kopo la 10% fomula ya kawaida ni sehemu 1 ya ikthamoli, sehemu 1 ya lanolini (mafuta ya sufu ya kondoo) na sehemu 8 za parafini laini. Kopo la 20% lina ikthamoli maradufu na ndilo linalofaa zaidi kwa jipu. La 10% huenda zaidi kwenye ngozi inayowasha. Soma asilimia kabla ya kulipa, maana makopo yanafanana.

Je, yanavuta usaha kweli? Neno "kuvuta" linayapa sifa kubwa kuliko kazi yake. Usaha si maji yanayofyonzwa na mafuta kupitia ngozi. Ni chembe nyeupe za damu zilizokufa zikipigana, vijidudu wafu na walio hai, na nyama iliyooza ikawa rojo. Mafuta yanachofanya ni kulainisha ngozi ya juu na kuifunika ibaki na unyevu, kupunguza kidogo mwako (joto, uvimbe na maumivu), na kuwabana kidogo vijidudu viitwavyo stafilokokasi na streptokokasi walio juu ya ngozi. Jipu lililokuwa karibu kutoa mdomo hupata njia nyepesi. Majaribio ya kitabibu yanayolinganisha mafuta haya na maji ya moto peke yake ni haba, na kwa maoni yetu nusu ya sifa zake ni za kitambaa cha moto kinachoandamana nayo. Pesti ya magnesiamu salfeti, mpinzani wake wa zamani, hufyonza maji kwa nguvu ya chumvi, lakini haifikii kilicho chini ya ngozi isiyopasuka.

Sasa majina.

Furanko ni jipu la shina moja la unywele. Kwa Kilatini maana yake ni mwizi mdogo. Wakulima wa mizabibu waliliita hivyo chipukizi linaloiba utomvu wa mti, na waganga wakalihamishia kwenye ngozi. Dalili zake zinajulikana: punje ngumu inayouma, siku ya pili au ya tatu inakuwa kama njegere hadi kama gololi, katikati kinatokea kichwa cha manjano, ndani yake kuna kiini. Kwapani, shingoni, makalioni, pajani, popote penye nywele na msuguano. Likiwa chini ya sentimita 2, halina homa, na mwenyewe ni mzima, hapa ndipo mafuta meusi yanapopata saba zao.

Punje ndogo zaidi, zenye kichwa cha usaha kisichozidi cha pini, kila moja ikiwa kwenye unywele wake, ni folikulaitisi. Mara nyingi hutokea kisogoni baada ya kunyolewa kwa mashine isiyosafishwa. Hapa mafuta mazito yanaziba vinyweleo na kuzidisha tatizo. Sabuni na kupumzika na wembe vinatosha mara nyingi.

Kabanko ni furanko kadhaa zilizoungana chini kwa chini. Jina lake ni kaa dogo la moto, na aliyewahi kulipata hatabisha. Linapenda kisogo na mgongo, pale ngozi ilipo nene. Lina midomo mingi, ukilitazama utadhani chujio la chai linalovuja usaha kwenye kila tundu. Homa ipo, uchovu upo. Hapa usipake kitu, nenda hospitali, na omba kupimwa sukari hata kama hujawahi kuambiwa una kisukari. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikiwa milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, na ikarudia hivyo kipimo cha pili, hilo si suala la ngozi tena. Majipu yanayorudi kila mwezi nayo yanastahili kipimo hicho, pamoja na cha VVU.

Absesi ndilo jina pana: tundu jipya ambalo mwili umelitengeneza kwa kuoza, lenye ukuta, limejaa usaha. Litofautishe na empaema, ambapo usaha umejaa kwenye uwazi uliokuwepo tangu kuzaliwa, kama ule unaozunguka pafu. Ndiyo maana jipu la pafu na empaema ya kifua si kitu kimoja, ingawa wagonjwa wote wawili watakohoa na kutetemeka kwa homa. Mwenye empaema mara nyingi huwekewa mpira kifuani unaoishia kwenye chupa ya maji.

Ukuta wa absesi ndio unaoeleza kwa nini vidonge pekee vinashindwa. Damu haiingii ndani ya tundu, na dawa husafiri kwa damu. Hata kiasi kidogo kinachopenya kinakuta mazingira ya tindikali na vijidudu vilivyosinzia. Kwa hiyo kanuni ya wapasuaji, ya zamani kuliko antibiotiki, ni kwamba palipo na usaha pafunguliwe. Hata siasa zetu zilishika nusu ya kanuni hiyo mwaka 2015, pale "kutumbua majipu", yaani kuwafukuza watumishi wabovu, ilipokuwa kauli ya kila siku Tanzania. Nusu nyingine, kwamba baada ya kutumbua kuna kuosha tundu kila siku hadi lijae kutoka chini, haikuwa na mvuto jukwaani.

Selulaitisi ndilo jina linalochanganywa zaidi na absesi, na ndilo linalofanya mafuta haya yapate lawama. Ni maambukizi yaliyosambaa kwenye nyama iliyo chini ya ngozi bila kujikusanya. Hakuna mfuko, hakuna cha kuvuta, hakuna cha kutumbua. Linalohitajika ni antibiotiki, na kwa kawaida mguu kuinuliwa juu ya mto.

Namna ya kuvitofautisha ni hii. Weka vidole viwili pande mbili za uvimbe, bonyeza kwa kimoja polepole. Kama kile kingine kinainuliwa, kama vile umebonyeza puto la maji, kuna usaha umekusanyika. Kama kote ni kugumu na kumetanda, bado hakuna mfuko, au hautakuwepo kabisa. Vitabu vingi vinasema utazame wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usiuone. Tumia mgongo wa kiganja kupima joto, linganisha na mguu wa pili, tazama ngozi iliyokaza ikang'aa au ikawa nyeusi kuliko jirani yake. Kisha chukua kalamu uchore mpaka wa eneo lenye joto na uandike saa. Likivuka mstari, usisubiri kesho. Na maumivu yakiwa makali kupita kiasi cha kinachoonekana, ngozi ikageuka zambarau au ikatoa malengelenge, hiyo ni ambulensi, kwa kuwa nyama inaweza kuwa inaoza kwa kasi ya saa, si ya siku.

Kidole kinahitaji aya yake, maana maandishi ya baadhi ya makopo yanataja "mdudu wa kidole" pamoja na majipu. Mdudu huyo ni magonjwa matatu. Paronikia ni usaha kando ya ukucha, kwa mtu anayeng'ata kucha au anayeshinda mikono majini. Siku mbili za mwanzo, loweka kidole kwenye maji ya uvuguvugu dakika 15, mara 3 au 4 kwa siku, na mafuta meusi yana nafasi usiku chini ya gozi, kitambaa chepesi cha kufungia vidonda. Ukionekana mstari wa manjano kando ya ukucha, mhudumu hunyanyua ngozi ile kwa ncha ya kisu, usaha unatoka, na kidole kinapoa siku hiyo hiyo. Feloni ni usaha ndani ya nyama ya ncha ya kidole, upande wenye alama za vidole. Pale nyama imegawanywa na vijikuta vinavyoshikilia ngozi na mfupa, usaha hauna pa kutanukia, shinikizo linakata damu na mfupa unaweza kufa. Ncha inapwita hadi usingizi unakatika. Hapo mafuta yanapata sifuri. Wa tatu ni wa kirusi: vilengelenge vidogo vya maji angavu vilivyojikusanya, vikiwasha na kuunguza. Huyu hapasuliwi kamwe, na kisu kinaweza kuleta maambukizi mengine juu yake.

Chokea ni jipu dogo la kope. Maji ya moto kwenye kitambaa safi, basi. Ikthamoli isikaribie jicho. Kinundu cha kope kisichouma, kinachokaa wiki hadi miezi, si jipu bali tezi ya mafuta iliyoziba.

Vidonda vya watoto usoni vyenye gamba la rangi ya asali ni impetigo. Hapo mafuta meusi ni chaguo baya. Linalofaa ni kulainisha gamba kwa maji na sabuni, kisha mupirosini 2% mara 3 kwa siku kwa siku 5, na taulo ya mtoto itengwe.

Mafuta ya jipu la jino hayapakwi shavuni. Chanzo kiko kwenye mzizi, na tiba ni kung'oa au kuziba mzizi. Uvimbe ukishuka chini ya kidevu pande zote mbili, ulimi ukainuka na mate yakashindwa kumezwa, njia ya hewa iko hatarini.

Jipu la titi kwa anayenyonyesha: maziwa yaendelee kutoka, kwa mtoto au kwa kukamua. Siku hizi hospitali nyingi zenye ultrasaundi hunyonya usaha kwa sindano badala ya kupasua. Usipake chochote cheusi mahali ambapo mdomo wa mtoto unafika. Jipu la pembeni mwa njia ya haja kubwa nalo si la nyumbani. Si machache yanayoacha fistula, yaani njia isiyo ya kawaida kutoka ndani hadi kwenye ngozi, na yakichelewa njia hiyo huwa ndefu. Jipu la sindano, kwenye tako au bega, liko chini mno kwa mafuta yoyote.

Kuna na lile ambalo wazee wa pwani huliingiza kwenye tambazi. Paja au tako linauma, limekuwa gumu kama ubao, homa inapanda, lakini ngozi ya juu haina kichwa wala jicho. Faili linaandika pyomayosaitisi: usaha ndani ya msuli. Ugonjwa huu ni wa ukanda wetu hasa, na hospitali za Uganda zilichangia sana kuueleza miaka ya 1960. Wiki ya kwanza sindano ya kunyonya inaweza isitoe kitu, ya pili au ya tatu inatoa usaha mwingi. Mafuta juu ya ngozi hapa ni kama kupaka rangi paa wakati moto uko jikoni. Mtoto mwenye selimundu akilalamikia mfupa na homa, fikiria usaha wa mfupa, ostiomayelaitisi, na uende siku hiyo.

Vitu vinavyojifanya jipu ni vitatu, na mafuta haya huuzwa kwa ajili ya vyote. Mtoki ni tezi ya kinena iliyovimba kwa sababu ya kidonda mguuni au maambukizi ya sehemu za siri, tafuta kilichoiamsha. Jipu baridi ni uvimbe wenye usaha usio na joto wala maumivu makubwa, shingoni au karibu na uti wa mgongo, na mara nyingi ni kifua kikuu. Likipasuliwa ovyo linaacha tundu lisilofunga kwa miezi. Linahitaji kupimwa na dawa za TB. Na cha tatu ni buu la nzi anayetaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa kivulini au chini. Utaona kijipu chenye kitundu katikati, na ukitazama kwa makini kitundu kinachezacheza, kinatoa maji membamba badala ya usaha, na mgonjwa anasema anahisi kinatembea. Hapa, kwa bahati, mafuta yoyote mazito yanasaidia: buu linapumua kupitia kitundu hicho, ukilifunika linapanda juu, kisha linabanwa taratibu pande mbili likatoka zima. Vaselini ya kawaida inafanya kazi hiyo bila harufu. Nguo zipigwe pasi ya moto, hadi mishono.

Maneno ya kwenye kadi ya kuruhusiwa kutoka hospitalini, kwa ufupi. "Pyo" mwanzoni ni usaha kwa Kigiriki: pyuria ni usaha kwenye mkojo, pyoderma ni ngozi yenye usaha, pyogeniki ni chenye kuzaa usaha. Usidanganyike na pyelonefraitisi. Mwanzo wake unatokana na neno la beseni, yaani uwazi wa figo, hata kama usaha unaweza kuwepo. "Itisi" mwishoni ni mwako, si lazima usaha. Stafilokokasi ni vijidudu vilivyoshikana kama kichala cha zabibu; Alexander Ogston wa Aberdeen aliviona kwenye usaha wa majipu na kuvipa jina hilo mwaka 1882. Rangi nayo inasema: manjano mzito kama krimu ni kawaida ya stafilokokasi, kijani chenye harufu tamu ni kijidudu kiitwacho sudomonasi, uvundo mkali ni vijidudu visivyopenda hewa. Kile kimiminika cha kahawia kinachonyonywa kwenye jipu la ini la amiba kinaitwa usaha kwa mazoea tu. Kwa kweli ni ini lililoyeyuka, na tiba yake huanza na metronidazoli.

Turudi kwenye kopo. Namna ya kutumia kwa furanko: nawa mikono, osha eneo kwa sabuni na maji, kausha. Weka kitambaa safi kilicholowekwa maji ya moto ambayo ndani ya kifundo cha mkono wako inayavumilia, dakika 10 hadi 15. Kausha tena. Chota mafuta kwa kijiti safi, si kidole, kiasi cha punje ya hindi kwa jipu la ukubwa wa njegere; yafunike kichwa na kupita nje kidogo. Usisugue. Weka gozi, bana kwa plasta ya kuzungusha isiyokaza. Badilisha mara 2 kwa siku, na kila mara futa ya zamani kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Yanatoka kirahisi kuliko rangi yake inavyotisha. Usiyachanganye na ayodini mahali pamoja, maana hayapatani.

Siku ya tatu hadi ya tano jipu linapaswa kuwa limetoa mdomo au limenywea. Likitumbuka lenyewe, acha mafuta. Futa kinachotoka, osha mara 2 kwa siku, funika kwa gozi kavu, na usijaze kitu cheusi kwenye tundu. Kiini kikichungulia, kitatoka. Kukivuta kabla ya wakati kunararua ukuta na kusukuma vijidudu kwenye damu. Kubinya kwa kucha ni kosa linaloharibu zaidi ya yote, na mahali pabaya kuliko pote ni pembetatu kati ya pembe za mdomo na mzizi wa pua, kwa sababu mishipa ya damu ya hapo inawasiliana na ile ya ndani ya fuvu. Jipu la eneo hilo halipakwi wala halibinywi nyumbani.

Usitumie siku hata moja kama kuna homa ya nyuzi 38 au zaidi, kama uvimbe umezidi sentimita 5, kama mgonjwa ni mtoto wa chini ya miezi mitatu, au kama mstari wa maumivu unapanda kutoka kwenye jipu kuelekea kwapa au kinena.

Madhara ya mafuta yenyewe ni machache. Mwenye mzio wa lanolini atawashwa na kutoa vipele kuzunguka gozi ndani ya siku moja au mbili. Wengi hudhani jipu linatapakaa na kuongeza mafuta.

Vya jirani kwenye rafu: mupirosini na asidi ya fusidi ni nzuri kwa maambukizi ya juu ya ngozi, haziingii kwenye jipu lililofunga. Dawa ya zambarau, jivii, inakausha juu na kuficha rangi ya ngozi, hivyo tabibu anashindwa kuona kinachoendelea. Kapsuli za amoksilini, zinazouzwa nne nne kwa kipande cha karatasi, ndizo ununuzi mbaya kupita wote: stafilokokasi wengi wana kimeng'enya kinachoivunja, na dozi yenyewe haijatimia. Familia ya kloksasilini ndiyo inayohimili kimeng'enya hicho, na inaandikwa na tabibu baada ya kuona.

Ukilinganisha na huduma halisi ya chumba cha dresingi, mafuta yanapoteza vibaya kwa absesi yoyote iliyokwisha kutunga. Sindano ya ganzi hapo haishiki vizuri, kwa sababu tindikali ya nyama iliyowaka inaidhoofisha; hivyo mhudumu mzuri huchoma kuzunguka, si katikati, na husubiri dakika kadhaa. Hupasua kwa urefu wa kutosha, huvunja vyumba vya ndani kwa koleo, huosha kwa maji ya chumvi ya 0.9%, na kama tundu ni kubwa huacha utambi wa gozi uliolegea. Hakuna kushona. Makosa mawili yanaonekana sana: mkato mdogo kama tundu la sindano, ngozi inafunga siku ya pili na jipu linajaa upya, au utambi uliosokomezwa kama kizibo, usaha unakosa njia. Jipu likirudi mahali pale pale ndani ya wiki, uliza kama mojawapo ya hayo lilitokea kabla ya kukubali sindano za antibiotiki za ziada.

Kuhusu kuhifadhi: chini ya nyuzi 30, kifuniko kimekazwa. Kopo la watu wengi nyumbani lisichotwe kwa kijiti kilichogusa jipu. Tyubu ni salama zaidi kwa familia. Na vaa nguo ya zamani. Ngozi itasafishika kwa maji moja, ila shuka jeupe likipata doa la ikthamoli usiku mmoja, litabaki kuwa shuka la mgonjwa.